DuckDNS kwa seva ya nyumbani: maoni yangu kutoka Pasiansi, Mwanza

Naisifu DuckDNS, ila naomba tuelewane mapema kuhusu kazi yake. Huduma hii inafanya kitu kimoja: inahakikisha jina ulilochagua linaelekea kwenye anwani ya IP ya nyumbani kwako, yaani namba inayoitambulisha nyumba yako mtandaoni, hata anwani hiyo ikibadilika. Basi. Haifungui poti (mlango wa kuingilia) kwenye ruta yako, haikupi anwani ya umma (inayofikika kutoka nje) kama kampuni ya intaneti haijakupa, wala haikulindi na wanaojaribu kuingia kwako usiku. Lawama nyingi ninazozisikia dhidi yake zilipaswa kwenda kwingine, kwa hiyo nitalazimika kuvigusa na hivyo vingine. Ukiwa Mwanza huwezi kuipima DuckDNS bila kuzungumzia umeme, ruta na kampuni ya intaneti.

Seva yetu ni laptopu kuukuu ya ThinkPad ambayo betri yake bado inashika chaji. Iko juu ya kabati nyumbani Pasiansi, inaendesha Debian, ambayo ni aina ya Linux, na Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kushirikiana mafaili. Humo ndimo zinamokaa hesabu za biashara ya dagaa ya mama: picha za mizani, risiti za magunia, wavuvi waliochukua fedha ya awali na bado hawajaleta mzigo, mizigo iliyopokelewa Mwaloni Kirumba. Mama yuko Kirumba na simu yake. Mjomba yuko Nansio, Ukerewe, ndiye anayenunua kule kisiwani na kupakia. Wote wawili wanapiga picha na kuandika humohumo. Tulianza na Google, zile GB 15 za bure zikajaa picha za mizani, na mama hakutaka kulipia kila mwezi ili madeni ya watu yakae kwenye kompyuta asiyoijua iko nchi gani. Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye.

Anayeifahamu biashara hii anajua kwamba dagaa wana majira yao ndani ya mwezi. Wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikishajaa, taa haiwavuti tena na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo sisi tuna siku za giza, ambapo seva ikinyamaza hata nusu saa simu yangu inaanza kuita, na tuna siku za mwezi, ambazo mimi huzitumia kufanya marekebisho. Huduma yoyote naipima kwa siku za giza.

Shida iliyonipeleka DuckDNS ni ya kawaida. Faiba ya nyumbani hupewa anwani ya IP isiyo ya kudumu. Umeme ukikatika, kifaa cha faiba kinazima. Ukirudi kinaomba anwani upya, na mara nyingi kinapewa nyingine. Laptopu inaendelea kuishi kwa betri yake kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini simu ya mjomba kule Nansio inabisha hodi kwenye anwani ambayo sasa ni ya mtu mwingine. Dawa yake si ngeni. DNS, mfumo wa kugeuza majina kuwa anwani za IP, ipo tangu 1983, na utaratibu rasmi wa kubadilisha rekodi zake papo kwa papo, RFC 2136, ni wa 1997. Ugumu ni kumpata anayeitoa bure bila masharti ya kukuchosha. DynDNS, waliokuwa na jina kubwa kuliko wote, walifunga huduma yao ya bure mwaka 2014. No-IP wanayo hadi leo, ila kwa akaunti ya bure wanakutaka uthibitishe jina lako kila baada ya siku 30. Mimi tayari nahesabu giza na mwezi. Sikutaka kalenda ya tatu.

Kujiunga DuckDNS ni jambo la dakika chache na sitalirefusha. Unaingia kwa akaunti yako ya Google au GitHub, hivyo hakuna nenosiri jipya la kukumbuka. Unachagua jina, nalo linakuwa na mkia wa duckdns.org. Unaruhusiwa majina 5 bila kulipa, na unapewa tokeni moja ya akaunti, yaani msimbo wa siri unaokutambulisha. Baada ya hapo kompyuta yako inachotakiwa kufanya ni kuita anwani moja tu:

https://www.duckdns.org/update?domains=JINA&token=TOKENI&ip=

Baada ya "ip=" acha wazi; wao wenyewe wanasoma anwani ambayo ombi limetokea. Jibu ni herufi mbili: OK au KO. Mimi nimeweka skripti ya mistari miwili kwenye laptopu, na cron, programu ya ratiba ya Linux, inaiita kila dakika 5 kama wanavyoshauri wao. Ruta nyingi zina ukurasa wao wa DDNS, yaani huduma za aina hii, na unaweza kuutumia, lakini orodha ya huduma zilizomo huwa fupi, na siku fundi akikubadilishia kifaa mipangilio yote inaondoka nacho. Iache kazi hii kwenye seva.

Jambo moja kwenye maelekezo yao ya Linux silipendi. Mfano wanaoutoa wa amri ya curl, inayotuma lile ombi, una "-k", yaani curl iruhusiwe kuendelea hata kama cheti cha usalama cha upande wa pili hakikubaliki. Ombi hilo linabeba tokeni yako. Kwenye Debian ya kisasa vyeti vinahakikiwa bila tatizo, kwa hiyo ondoa "-k" na kila kitu kitafanya kazi vilevile. Sehemu ya "-K -" iache, hiyo ina maana: inazuia tokeni isionekane kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa. Na faili la skripti lifunge kwa chmod 700, asilisome mtu mwingine.

Je, ina kasi? Rekodi zao za DNS zina muda wa kuishi wa sekunde 60. Maana yake, umeme ukirudi na faiba ikishika, cron itafika ndani ya dakika 5, na dakika moja baadaye dunia nzima inayoheshimu muda huo itakuwa imesahau anwani ya zamani. Ndivyo inavyokuwa kwetu. Umeme ukirudi saa nne usiku, kabla sijamaliza kuwasha friji na kuangalia maji, jina linaelekea mahali sahihi. Siku za giza hilo ndilo ninalolitaka, na kwa huduma ya bure naona ni kazi ya heshima kubwa.

Sasa nije kwenye lile linalowaangusha wengi hapa kwetu: lile jibu la OK.

OK maana yake ni hii tu: nimeiona anwani uliyotokea, nimeiandika. Haimaanishi kwamba anwani hiyo ni yako. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na ghala kuu la kuzigawa liliisha Februari 2011. Tangu hapo kampuni za intaneti, hasa za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Wanaiita CGNAT. Ni sawa na shule nzima kutumia S.L.P. moja: barua za wanafunzi zinatoka bila shida, lakini barua ya kutoka nje isiyo na jina la mwanafunzi haitamfikia yeyote. DuckDNS itaisajili hiyo anwani ya pamoja kwa uaminifu kabisa, itakujibu OK kila dakika 5, na hakuna mtu atakayeweza kuingia kwako.

Kwa hiyo kabla hujafungua hata akaunti, pima. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, kwa wengi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1, tafuta anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje. Kisha kwenye kompyuta andika curl ifconfig.me uone dunia inakuonaje. Zikifanana, una anwani ya umma, endelea. Zikitofautiana, hasa kama ile ya WAN inaanza na 10, au ipo kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa rasmi kwa kazi hiyo mwaka 2012, kwa hiyo ukiliona huna haja ya kubishana na mtu.

Sisi tulikuwa na ruta ya laini ya 4G, ikawa ni anwani ya 10. Tukavuta faiba kwa kampuni nyingine, ikawa ni ya 100. Nikaenda ofisini kwao mjini. Dada wa mapokezi alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo, lakini alikuwa mstaarabu, akampigia fundi na kunipa simu niongee naye mwenyewe. Hapa nawapa maneno ya kusema, maana yatawaokolea fedha: "Naomba anwani ya IP ya umma, hata kama inabadilika." Usiombe anwani ya kudumu. Ukiomba ya kudumu utapelekwa moja kwa moja kwenye vifurushi vya makampuni. Anwani ya umma inayobadilika inakutosha, kwa sababu kubadilika kwake ndiko kunakoshughulikiwa na DuckDNS. Fundi alinielewa, akaniambia nizime kifaa na kukiwasha, na WAN ikaja na anwani ileile ninayoonekana nayo nje. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo thamani ya huduma hii kwa fedha inapoonekana.

Baada ya anwani ya umma kuna swali la ufungue nini. Nina msimamo mkali hapa: usiiweke Nextcloud wazi mtandaoni, na usifungue poti 22, ya kuiendesha kompyuta kwa mbali (SSH), kamwe. Fungua poti ya nje siku moja uangalie faili la kumbukumbu asubuhi, utakuta wageni wa dunia nzima wamejaribu "admin" na "root" usiku kucha. Sisi kwenye ruta tumefungua poti moja tu, UDP 51820, ya WireGuard, programu ya VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani. Asiye na ufunguo akiigonga hajibiwi chochote, hata kukataliwa hakataliwi. Mama na mjomba wanawasha WireGuard kwenye simu, kisha wanafungua daftari lao kama kawaida.

Na ni WireGuard iliyonipa kazi zaidi kuliko DuckDNS yenyewe, ingawa mwanzoni ingeonekana kosa ni la jina. Umeme ulikatika usiku mmoja wa giza, ukarudi. Mjomba akapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Daftari halifunguki huku. Kaufunguo ka WireGuard kako pale juu, lakini ndani hakuna kitu."

Niliangalia jina, lilikuwa tayari linaelekea anwani mpya. Mimi kwa simu yangu niliingia bila shida.

"Mjomba, zima hiyo WireGuard, halafu uiwashe tena."

"Ngoja… Eeh. Limefunguka."

Sababu ni kwamba WireGuard huuliza DNS pale unapoiwasha, ikapata namba, kisha ikashika namba hiyo. Jina likihamia anwani nyingine, yenyewe inaendelea kutuma kwenye ile ya zamani. Mjomba sasa anajua, na hanipigii tena kwa hilo. Akiona kimya anazima na kuwasha. Kwa kompyuta ndogo ya stoo ya Nansio, ambayo ni ya Linux na haina mtu wa kuizima, nilitumia skripti inayokuja na vifaa vya wireguard-tools, reresolve-dns.sh. Inaangalia kama mawasiliano ya mwisho yamepita sekunde 135, na kama ndivyo, inauliza jina upya. Niliiweka kwenye cron na tatizo likaisha. Ukisikia mtu anasema DuckDNS "inachelewa", muulize kwanza anatumia nini upande wa pili.

Kuna matumizi mengine ya DuckDNS ambayo sijaona watu wakiyazungumzia sana, na kwangu yamekuwa na faida kubwa. Si lazima jina lielekee anwani ya umma. Nina majina mawili. La kwanza ni la WireGuard, linafuata anwani ya nje. La pili nimelielekeza kwenye anwani ya ndani ya laptopu, 192.168.77.10, na halibadiliki kamwe. Halimo kabisa kwenye skripti ya cron. Hilo la pili ndilo mama analolifungua. Akiwa Kirumba anapitia WireGuard, akiwa nyumbani anaenda moja kwa moja kwa Wi-Fi, na jina ni lilelile. Hii imeniondolea ile adha ya ruta nyingi za nyumbani, kwamba ukiwa ndani huwezi kuingia kwa kutumia anwani yako ya nje. Zingatia mambo mawili. Mtandao wa nyumbani uupe namba isiyo ya kawaida, ndiyo maana sisi tuna 77, ungekuwa 192.168.1 ungegongana na Wi-Fi ya kila mahali mjomba anapofikia. Pia baadhi ya ruta hukataa jibu la DNS lenye anwani ya ndani, kwa usalama, kwa hiyo jaribu kwanza.

Cheti cha usalama cha Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, kwa jina hilo la ndani kinapatikana vizuri kabisa, kwa sababu DuckDNS inakuruhusu kuandika rekodi ya TXT, yaani maandishi mafupi kwenye DNS, kwa tokeni ileile, na Let's Encrypt wanaridhika na hiyo bila kufungua poti za tovuti, 80 wala 443. Simu ya mama haimletei tena lile onyo jekundu lililokuwa likimtia hofu. Kumbuka tu kwamba kila jina linalopewa cheti linaandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma. Usiliite jina lako "hela-za-mama".

Upungufu upo, na nausema kwa sababu naijali huduma hii.

Tokeni ni moja kwa majina yote ya akaunti. Ikivuja kutoka kompyuta moja, majina yote yako mikononi mwa aliyeipata. Ningependa sana kila jina liwe na tokeni yake. Rekodi ya TXT nayo ni moja tu kwa jina: ukiomba cheti kimoja chenye jina lenyewe pamoja na la nyota (*, yaani majina yote yaliyo chini yake), ombi linagoma, na utachagua moja kati ya hayo mawili. Kisha kuna sifa ya mtaa. Wahalifu nao wanapenda vya bure, hivyo baadhi ya ofisi huzuia kila kitu chenye mkia wa duckdns.org. Mnunuzi wetu mmoja alishindwa kuunganisha akiwa kwenye mtandao wa ofisini kwake, akahamia data ya simu, akaingia.

Zaidi ya hayo, huduma inaendeshwa kwa michango, kwenye kompyuta za Amazon zilizo mbali na sisi. Hakuna mkataba, hakuna wa kumpigia simu. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na nchi ikahangaika na intaneti, ilikuwa wazi kwamba hata Pasiansi na Nansio, zilizo ziwa moja, zinaulizana jina ng'ambo. Ndiyo maana kwenye simu ya mama nimeweka nakala ya orodha ya madeni inayosomeka bila mtandao. Ukiwa na biashara isiyoweza kuvumilia saa kadhaa za kimya, tafuta anayekupa mkataba na ulipe.

Kwa mwanafunzi wa Malimbe mwenye Raspberry Pi, kwa familia yenye kamera ya getini, kwa duka la mjini lenye daftari kama letu, mimi nasema ichukueni. Nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu iliyopungua ni ya tokeni. Mliokataliwa anwani ya umma, msipoteze muda na DDNS ya aina yoyote, iwe hii au ya kulipia. Angalieni Tailscale au Cloudflare Tunnel, ambazo seva yenyewe ndiyo inayotoka nje kuunganisha, kwa hiyo CGNAT haizizuii.

Mama sasa anataka jina la biashara liandikwe kwenye karatasi za mizigo, na duckdns.org haipendezi kwenye karatasi. Nimemwambia tutanunua la .co.tz, na chini yake nitaweka rekodi ya CNAME inayoelekea kwenye jina letu la DuckDNS. Skripti itabaki ilivyo, na simu ya mjomba haitahitaji kuguswa. Nitafanya kazi hiyo siku za mwezi.